Tabernakulo Katika Kila Mstari

Jumanne, 15 Februari 2011

Kikao cha asubuhi. Kahawa mbaya, habari mbaya zaidi. Ghislaine Robitaille, mtayarishaji wetu, amesema matusi katika tamthilia ya Zamu ya Theluji yamezidi. Nilidhani ananitania. Mimi ndiye mwandishi wa mazungumzo tangu kipindi cha kwanza. Matusi yale ni yangu! Nimeyapanda kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikauliza kama watazamaji wamelalamika. Hapana. Mapadri? Hapana, waliobaki ni wachache na hawana muda wa televisheni. Nani basi? Yeye mwenyewe. Anasema alikuwa nyumbani anatazama ile sehemu Roméo anapogombana na mwanawe Steeve ndani ya gari la kusukuma theluji, akapitiwa na usingizi. Alipoamka bado walikuwa wanatukanana. Akalala tena.

Usingizi! Sehemu iliyonitoa jasho wiki nzima!

Halafu likaja kubwa. Katika kipindi cha mwisho cha msimu Steeve anafukiwa na theluji iliyoporomoka kutoka paa la uwanja wa hoki. Anakufa. Roméo, baba mtu, anapata habari. Ghislaine anataka mimi niandike sehemu hiyo, na Maude Charlebois naye aiandike hiyo hiyo, kisha waigizaji wazisome zote mbili mezani Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayeshinda ataandika kipindi cha mwisho na msimu ujao wote. Na atakayeshindwa? Ghislaine akatazama dirishani, akasema tutaona.

Naijua hiyo tutaona. Nina miaka hamsini na saba. Katika kazi hii, mtu wa umri wangu akiambiwa tutaona, anakwenda nyumbani kupanda nyanya.

Maude ana miaka thelathini na miwani mikubwa kuliko uso. Anaandika watu wanaonyamaza. Watu wake wanachemsha chai, wanatazama nje, wanakunja mataulo. Kwenye lifti aliniambia, kwa upole unaoudhi, "Mzee wangu, mimi siyachukii matusi yako. Nayahurumia tu. Unayafanyisha kazi bila likizo." Nikamwambia yeye hajawahi hata kuingia kanisani. Akacheka, akasema aliingia mara moja, kulikuwa na tamasha la gitaa.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Tabernakulo, kile kikabati kitakatifu cha altareni, na vinavyokaa humo na mezani pa misa, kalisi, hostia, siborio: hayo ndiyo matusi yetu sisi wa Kebeki, na mengine hatuna. Mwaka jana mnunuzi wa vipindi kutoka Paris aliniuliza kwa nini wanaume wa Kebeki wakigonga kidole wanaita samani za kanisa. Nikamjibu kwamba samani hizo zilitukalia kichwani miaka mia tatu. Sasa huyu Maude anasema tabernakulo kama mtu anavyosema kabati. Hajui linauma wapi. Atanishindaje?

Nina mpango.


Alhamisi, 17 Februari

Mpango wenyewe: ushahidi kwamba madereva wa theluji hutukana hivyo kweli. Ghislaine haniamini mimi, basi ataamini kanda. Nimenunua kinasa sauti kidogo, nikakitia mfuko wa ndani wa koti, nikabeba boksi la donati, nikaenda gereji ya Rosemont yanakolala magari ya kusukuma theluji. Msimamizi ni Réal Pinsonneault, mtu wa sharubu na tumbo. Jana tulipozungumza kwa simu, hakumaliza sentensi hata moja bila kugusa altare. Dhahabu tupu!

Nikaingia. Wanaume kumi hivi, wamezunguka sufuria ya supu ya njegere. Réal akatangaza, "Jamani, huyu ndiye bwana wa televisheni. Ndiye anayeandika habari zetu." Kofia zikavuliwa. Mmoja akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha wakaanza kuongea kama watoto wa komunyo ya kwanza. Karibu sana, bwana. Mwaka huu theluji imetuandama, bwana. Hatulalamiki lakini, kazi ipo, tunashukuru.

Nikangoja. Pembeni alikuwapo mmoja anaitwa Yvon, anabadilisha bamba la chuma la mbele ya gari. Bamba likamwangukia kidole gumba. Nikasogea, kifua mbele, kinasa sauti kikiwa tayari. Uso wa Yvon ukawa mwekundu, kisha wa zambarau. Mishipa ya shingo ikasimama. Gereji nzima ikamtazama. Akafumba macho, akasema, "Ala! Samahani, bwana."

Samahani!

Nikawasihi waongee kama siku zote. Réal akanivuta kando, akasema wao hawatukani mbele ya mgeni, wana mama zao waliowalea. Nikamkumbusha simu ya jana. Akasema jana alikuwa hajaniona uso.

Nikaaga. Mlango haujajifunga vizuri, matusi yakamwagika. Yvon aliendesha misa nzima. Nikasimama nje kwenye baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, sikio kwenye bati, kinasa sauti mkononi. Taa yake nyekundu ikawaka, ikapepesa, ikafa. Baridi imeua betri. Sikio nalo liligoma kubanduka kwenye bati, na lilipobanduka liliacha kipande cha ngozi.

Jambo moja dogo. Mle ndani mtu aliomba apitishiwe chumvi kwa neno lile lile ambalo Yvon alililia kidole chake. Mwingine alilitumia kucheka. Nilimjua anayeumia kwa sauti yake tu, si kwa neno. Sidhani kama lina umuhimu.


Jumamosi, 19 Februari

Sikio limevimba. Mpango wa pili: Mama.

Mama ana miaka themanini na minne, yuko nyumba ya wazee Trois-Rivières. Maisha yake yote alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare vya parokia. Nilipokuwa na miaka tisa nilisema kalisi mezani, kwa sababu ya turnipu nisiyotaka kuila. Akanisugua ulimi kwa sabuni ya kufulia, kisha akaingia chumbani akalia kuliko mimi. Neno moja la mtoto, nyumba nzima ikatikisika! Basi mama huyo akimwandikia Ghislaine barua kwamba tamthilia yangu imemkwaza, nani atathubutu tena kusema matusi yangu yanaleta usingizi?

Nikampigia simu. Akakubali kunisaidia kabla sijamaliza kueleza, mama ni mama. Akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike kwamba amekwazika. "Lakini sijakwazika, mwanangu." Nikamtajia ile sehemu Roméo anamtukana jirani maneno saba mfululizo, bila koma. Akafikiri. Akauliza kama kweli yalikuwa saba.

Akajaribu kunieleza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza. Alipohamia chumba kile, friji ilivuma hata akashindwa kulala. Sasa haisikii, mpaka ikizima. Na maneno ya Roméo ni hivyo hivyo. "Si kwamba ni mabaya, baba. Ni kwamba sijui tena kama yapo."

Friji! Mwanamume anahangaika maisha yake yote kumshtua mama yake, mwishowe anafananishwa na friji.

Yeye alikuwa na lake la kuuliza. Steeve atakufa kweli? Ukumbini wanabishana. Kila Jumanne jioni wanamwekea Mama kiti cha mbele kwa sababu jina langu hupita kwenye skrini, na Bi Lacoursière, aliyekuwa na duka lake la dawa na hajazoea kukaa nyuma ya mtu, inabidi akae nyuma. Nikamwambia ni siri, ila ndiyo, atakufa. Akasikitika kama ni mjukuu wake. Akauliza baba mtu atasema nini. Nikasema atatukana ukurasa mzima bila kuvuta pumzi.

Mama akaguna. Kisha akanikumbusha Baba. Baba aliitukana stovu, akamtukana mbwa, akaitukana timu ya hoki na serikali zote mbili, ya Ottawa na ya Kebeki. Lakini siku walipokuja kumwambia kwamba ndugu yake Conrad amezama, barafu imemvunjikia mtoni, alivua kofia akauliza kama kuna mtu amemlisha mbwa. Ikapita wiki bila tusi. "Hapo ndipo niliogopa," Mama akasema. "Nilikuwa namwomba Mungu baba yako aitukane stovu."

Naliandika hapa nisisahau, ingawa sioni pa kulitumia. Mbwa, katika kipindi cha mwisho! Nani atalia kwa ajili ya chakula cha mbwa?


Jumatatu, 21 Februari

Nimeandika! Kurasa kumi na moja. Nimelia mara mbili, na mara moja nililazimika kulala sakafuni.

Nimefikiri pia, tena kwa dhati. Wanaosema tusi ni uvivu wa mwandishi hawawajui watu wangu. Babu zangu walikata miti kwa amri za bosi aliyeongea lugha wasiyoijua. Jumapili wakapiga magoti mbele ya Kilatini wasichokielewa. Chao kilikuwa kipi? Waliichukua altare, wakaivunja vipande, kila mtu akatia kipande mfukoni akarudi msituni. Mtu asiyepewa neno la huzuni atatumia alilonalo. Roméo hana jingine. Ukimnyang'anya tabernakulo umemkata ulimi, halafu unamsifu kwa utulivu wake. Maude anaona kimya cha watu hawa ni kizuri kwa sababu hajawahi kuishi ndani yake. Mimi nimekulia humo. Naamini hivyo kabisa, na nitaamini hata wakinifukuza.

Halafu nikajiuliza: kama vipande hivyo ni vya thamani namna hiyo, mbona navimwaga kama chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani? Swali hilo lina harufu ya Maude. Nikaenda kula.

Baada ya chakula likanijia wazo la maisha yangu. Kila mstari uishie kwa tabernakulo! Wa baba, wa mama, wa msimamizi, hata wa Steeve kabla hajafa. Mwanzo hadi mwisho. Linarudi, linarudi, kama kengele ya msiba. Nilirudi mezani, nikayapachika yote kabla chai haijapoa.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nikikosa kipindi hiki sina kingine. Simu yangu haiiti. Wenzangu wa zamani wameshapanda nyanya zao.


Jumatano, 23 Februari

Leo ilikuwa zamu ya kumlainisha Donat Brisebois, anayecheza Roméo. Miaka arobaini ya jukwaa, sauti ya pipa tupu, macho yameanza kumsaliti. Nimempelekea chupa ya jini na pai ya nyama. Amekula, amekunywa, amenikumbatia. Nikamwomba Ijumaa asome yangu kwa moto na ya Maude kwa mafua.

Akasema yeye husoma kila kitu kwa moto, ndivyo alivyofunzwa. Ila ana utaratibu wake. Kwa kuwa macho hayamsaidii, mistari yake huikariri nyumbani, mkewe akimsomea. Ya wenzake haijui wala haitaki. Anachoshika ni neno lao la mwisho tu. "Nikilisikia, naingia. Nisipolisikia, nangoja. Carmelle naye ni hivyo hivyo, tulifunzwa na mwalimu mmoja." Carmelle Dufresne ndiye mke wa Roméo katika tamthilia.

Akazisogeza kurasa zangu karibu na pua. Akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Akauliza mbona maneno ya mwisho yote ni moja. Nikamweleza habari ya kengele. Akasema kengele ikilia wakati wote yeye hatajua ni misa au ni moto. Nikamwambia ataijua kwa moyo. Akaitazama jini, akasema haya.

Wasanii wa zamani! Lazima uwabembeleze kidogo.

Nilipopitia ofisini niliona skripti ya Maude imesahaulika kwenye mashine ya fotokopi. Sikuisoma, nina heshima zangu. Niliihesabu tu. Kurasa mbili! Zimebaki siku mbili na msichana wa watu ana kurasa mbili! Nilimwonea huruma nikampelekea kahawa. Akashukuru, akaniuliza sikio limefanya nini, akamwulizia Mama kwa jina. Sijui amelijulia wapi.


Ijumaa, 25 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Meza ndefu. Ghislaine kichwani pa meza. Donat, Carmelle, na Jérémie Saint-Onge, anayecheza Steeve, kijana mtiifu mwenye nywele nyingi. Maude pembeni, anakata kucha kwa meno.

Yake ikasomwa kwanza. Roméo yuko ndani ya gari lake, anasukuma theluji. Redio inamwita. Msimamizi anamwambia paa limeporomosha theluji, Steeve yuko chini yake, gari la wagonjwa limekwama mwanzo wa barabara. Roméo anajibu amesikia. Halafu hasemi kitu. Anaifungua barabara. Donat alikaa tu, mikono imeshika usukani ambao haupo, macho mbele. Msimamizi anaita tena, anamwambia pole, hakuna haraka tena. Roméo anajibu amesikia, na anaendelea kusukuma mpaka mwisho wa barabara, anaiacha safi, ukingo hadi ukingo. Anazima injini. Anataka kushuka. Mkanda wa kiti unakataa kufunguka. Anauvuta. Anauvuta tena. Na hapo, kwa sauti ndogo, anauambia mkanda: "Tabernakulo."

Mwisho.

Carmelle alikuwa ameziba mdomo. Jérémie alijitazama kucha. Ghislaine hakuandika kitu.

Neno moja! Uchoyo mtupu. Hata hivyo kuna kitu kilinikaba kooni, na nina hakika ni kipande cha biskuti, ingawa leo hapakuwa na biskuti.

Kisha yangu. Ukurasa wa kwanza, jikoni kwa Roméo, asubuhi, Steeve bado mzima. Jérémie akaanza vizuri sana: "Baba, nipe funguo, tabernakulo." Donat alipaswa kumwambia avae koti. Lakini Donat alisikia neno lake. Akaingia, kwa moto wote, na mstari wa ukurasa wa sita: "Mchimbueni polepole, huyo ni mwanangu, tabernakulo!"

Jérémie akaduwaa. Amekufa kabla ya kupewa funguo. Carmelle naye kasikia neno lake, akaruka hadi makaburini: "Ardhi bado imeganda, hatuwezi kumzika mpaka Mei, tabernakulo." Jérémie, kijana mtiifu, akasikia neno lake akajibu kutoka kaburini: "Narudi kabla ya chakula, msiningoje, tabernakulo." Donat: "Vaa koti basi, tabernakulo." Carmelle: "Walimvua koti wakanipa mimi, tabernakulo."

Maude alikuwa amejifunika uso kwa skripti. Mabega yanacheza. Nikasimama. Nikapiga kelele, "Ukurasa wa pili, tabernakulo!" Kosa kubwa. Donat ni mtu wa nidhamu. Alilisikia neno, akanigeukia mimi, macho kwa macho, akanijibu kwa sauti iliyovunjika: "Nani atamwambia mama yake, tabernakulo."

Meza ikaanguka kwa kicheko. Ghislaine aliinama mpaka paji la uso likagusa karatasi. Carmelle aliomba maji. Nami nimesimama pale, na mstari ule ndio niliouandika nikiwa nimelala sakafuni. Ni mstari bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Hakuna aliyeusikia, hata mmoja. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, wala huzuni ya namna hiyo, na vyote viwili vikinijia pamoja.

Ghislaine alipopata pumzi alijifuta macho, akasema skripti yangu mtu anaweza kuianzia popote na isibadilike kitu. Kwa sekunde moja nilidhani ananisifu.

Akaniita chumba cha pembeni. Huko hakucheka. Alisema Maude ndiye atakayeandika, kipindi cha mwisho na msimu ujao. Nafasi yangu haipo. Hakusema tutaona, na nilimshukuru kwa hilo. Jina langu litapita kwenye skrini Jumanne hii kwa mara ya mwisho.

Maude alinikuta kwenye korido. Hakuwa na utani. Aliniambia ule mstari wa nani atamwambia mama yake ungetuua sote kama ungeachwa peke yake. Akauliza kama ninaweza kumruhusu autumie, na jina langu liandikwe. Nikasema nitafikiri. Nikavaa koti nikatembea mpaka nyumbani, sikupanda hata metro.


Jumapili, 27 Februari

Basi la asubuhi kwenda Trois-Rivières. Mambo mengine hayasemwi kwa simu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakunja leso. Nilizunguka sana. Nilianza na hali ya hewa, nikapitia sikio, nikafika kwa Donat. Mwishowe nikasema yote. Kwamba nimeachishwa. Kwamba baada ya Jumanne jina langu halitapita tena. Kwamba kiti cha mbele sijui itakuwaje. Sauti ilinikatikia hapo, kwenye kiti. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba!

Mama hakunitazama. Aliendelea kuikunja leso, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama tiketi. Akaiweka juu ya goti. Akatazama nje, kwenye theluji, na akasema taratibu, si kwa kuniambia mimi:

"Tabernakulo."

Mama!

Nywele zilinisimama. Nikakaa kitandani. Mwanamke huyu alilifuta vumbi kabati lile takatifu tangu ujana wake. Alikuwa anapiga goti kila akipita mbele yake, hata akiwa na ndoo mkononi, hata kanisa likiwa tupu. Alijua anasema nini. Alikwenda mpaka kwenye kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo, akakivunja, kwa sababu yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa sauti namna ile. Nililia kama mtoto, naye akanishika kichwa.

Kisha akili ikanirudia.

Nguvu ile yote kutoka neno moja! Je, yakiwa thelathini? Nikaruka kutoka kitandani. Nikamwomba Mama alirudie. Akakataa, akasema lilimtoka tu. Nikamsihi, nikamwambia ni kwa ajili ya kazi yangu. Akalisema, kwa aibu. Nikamwambia alitoe tumboni. Akalisema tena. Nikamwelekeza mkono uwe wapi. Mara ya nne alianza kucheka. Baada ya hapo akawa analisema huku anatafuta miwani yake chini ya mto. Bi Lacoursière akachungulia mlangoni kuuliza kama tunataka chai, na Mama akamjibu, kwa uchangamfu, ndiyo tabernakulo, na sukari vijiko viwili.

Nywele hazikunisimama tena. Nadhani alikuwa amechoka, ni mtu wa umri mkubwa.

Naandika haya ndani ya basi la kurudi Montreal. Nimeshaona kosa langu la Ijumaa lilikuwa wapi. Lilikuwa la mpangilio tu! Ukimpa kila mtu neno moja, waigizaji watachanganyikiwa, ni jambo la wazi. Katika tamthilia yangu mpya kila mhusika atakuwa na chombo chake. Mhusika mkuu ni bibi wa miaka themanini na minne, mfua vitambaa vya altare, mcha Mungu, na anatukana kwa tabernakulo katika kila mstari. Mwanawe ana kalisi. Jirani wa duka la dawa ana siborio. Ghislaine akiisoma hii atapiga magoti.

Maude amenitumia ujumbe kuuliza tena kuhusu ule mstari. Nimemjibu auchukue, kwa sharti asilikate tabernakulo la mwisho. Bado hajajibu. Mimi nimefika ukurasa wa tisa, na hakuna mtu aliyenyamaza hata kidogo.